Mashine Baridi za Msanja

Duru ya kwanza ilipokwisha, watu wa Lwangu walitoka ukumbini wakiimba, na watu wa Msanja wakabaki vitini kana kwamba wamesahau njia ya kwenda nyumbani. Tusekile Mwakabana, fundi mkuu wa ukumbi, alisubiri kelele zipungue, kisha akaanza kazi yake ya baada ya kila duru: kupita meza moja baada ya nyingine, kuzima mashine, kuchomoa nyaya, kufunika skrini kwa vitambaa.

Nje ya madirisha bwawa lilimeremeta kwa jua la mchana. Lango la chuma lililogawa maji lilikuwa limefungwa, likisubiri kuambiwa lifunguke upande gani. Ndivyo ilivyokuwa tangu vita viishe. Kila kiangazi vijana watano wa Lwangu na watano wa Msanja waliketi ndani ya ukumbi huu wakarusha mwewe wa kubuni juu ya bonde la kubuni, wakiwindana kwenye mawingu na makorongo yaliyochorwa na mashine. Upande ulioshinda duru mbili kati ya tatu ulipata maji ya mfereji mkubwa hadi mvua zirudi. Ulioshindwa ulipata mfereji mdogo. Waliuita Mchuano. Hakuna aliyeupenda, lakini kila aliyewahi kuzika ndugu wakati wa vita aliukubali.

"Dada fundi."

Alikuwa Subilaga, nahodha wa Msanja. Siku za kawaida alifundisha hesabu katika shule ya msingi, na hata sasa, akiwa amejaa jasho, alisimama wima kama aliye mbele ya ubao.

"Picha ilikatika," alisema.

"Ilikatika wakati gani?"

"Dhoruba ilipoingia. Kabla ya hapo kila kitu kilikwenda laini kabisa. Mvua ilipoanza mle ndani, mwewe wangu akawa yuko hapa, mara yuko kule. Katikati sijui alipita wapi. Nikigeuza mkono, anageuka nikiwa nimeshapigwa."

Wanaume wawili wa Lwangu waliokuwa bado mlangoni wakacheka. "Mwaka jana mlisingizia viti," mmoja wao alisema. "Mwaka huu ni picha?"

Subilaga hakuwageukia. Alimtazama Tusekile tu, na Tusekile alijua anachokitazama: msichana aliyezaliwa Lwangu, ambaye mama yake analima vitunguu Lwangu.

"Nitaangalia," Tusekile alijibu, kwa sauti ileile aliyomjibia kila aliyewahi kushindwa.

Alipomaliza meza za Lwangu alikuwa anapuliza vidole. Mashine zilikuwa za moto, na hilo halikumshangaza. Dhoruba ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika Mchuano. Kila tone la mvua lazima lipigiwe hesabu: liko wapi, linaelekea wapi, upepo unalisukuma kiasi gani, na hesabu hiyo irudiwe upya kwa kila picha, na picha hizo zifuatane haraka kiasi cha kulidanganya jicho. Prosesa, ubongo wa mashine, ikifanya kazi hiyo inachemka kama sufuria.

Akavuka kwenda meza za Msanja. Akaweka kiganja juu ya mashine ya Subilaga, akakiondoa, akakirudisha. Akagusa ya pili. Akagusa ya tatu.

Zilikuwa vuguvugu. Mashine iliyozidiwa na kazi hadi picha ikakatika ilipaswa kuwa ya moto kuliko zote. Hizi zilikuwa kama zimekaa kivulini mchana kutwa.

Tusekile akageuka kuona kama kuna anayemtazama.

*

Alibeba mashine mbili hadi karakana, moja ya kila upande. Mlinzi alipomuuliza, alimwambia anazipuliza vumbi. Alishangaa jinsi uongo ulivyomtoka kirahisi.

Zilikuwa mashine pacha. Prosesa za aina moja, kumbukumbu za ukubwa mmoja, muhuri wa Baraza la Bonde kwenye kila skrubu. Wakaguzi wa pande zote mbili walizifungua kila mwaka, wakahesabu vipande, wakaridhika. Ila wakaguzi walihesabu vinavyoonekana. Chini kabisa ya prosesa kuna maelekezo madogo yanayoiambia kila amri itekelezwe vipi, na hayo hayaonekani kwa macho wala hayasomeki kwa kufungua mfuniko.

Akaandika jaribio fupi. Kwanza akaiuliza mashine ya Lwangu kama inaijua amri pana, ile inayoiwezesha prosesa kushika namba kumi na sita kwa mkupuo na kuzisogeza zote pamoja. Ikajibu ndiyo. Akaipa dhoruba ndogo ya kuhesabu, ikaimaliza kabla hajainua kidole kutoka kwenye kitufe.

Akaiuliza ya Msanja. Nayo ikajibu ndiyo.

Akaipa dhoruba ileile. Akasubiri. Akawa na nafasi ya kusikia ndege kwenye paa la bati.

Ilikuwa inaijua amri kwa jina tu. Ilipoambiwa ichukue namba kumi na sita, ilichukua moja, ikaiweka, ikarudi kuchukua nyingine. Kibaya zaidi, kila ilipopeleka mkono kwenye kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa, mahali panapowekwa vitu vya kutumika sasa hivi, ilikuta pamefungwa. Ikalazimika kutoka hadi kumbukumbu kubwa, mbali, kwa kila tone, na kungoja jibu. Tusekile alimwona akilini fundi ujenzi anayebeba tofali mojamoja, na kila akihitaji tofali anatembea hadi tanuri la ng'ambo ya mto, na huko anakaa foleni. Ndiyo maana mashine ilikuwa baridi. Haikuwa ikifanya kazi. Ilikuwa inangoja.

Na kasoro hiyo ilijitokeza kwenye dhoruba pekee. Anga likiwa jeupe, mchezo haukuihitaji amri pana, na mashine zote zilikwenda sawasawa. Hii haikuwa hitilafu iliyozaliwa kwa bahati mbaya. Kuna mtu alikaa akafikiri.

Akaanza kuwahesabu kichwani watu waliowahi kubaki peke yao humu karakana, akaona aibu kwa jina lililotangulia.

Alimkuta Ambokile, mtoto wa mjomba wake na nahodha wa Lwangu, kwenye mgahawa wa ukumbi, akila chipsi mayai huku watu wakimpigapiga mgongoni.

"Dada Tuse! Umeona tulivyowanyoa?"

"Nimeona. Twende pembeni." Walipofika ukutani akashusha sauti. "Juzi ulipoleta maparachichi, nilikuacha peke yako karakana nikaenda kupokea simu. Ulishika nini?"

Ambokile akaacha kutafuna. "Unaniuliza kama mwizi?"

"Nakuuliza kama fundi."

"Dada, mimi hata rimoti ya nyumbani nabadilishiwa betri. Sijashika kitu." Macho yake yalikuwa yamejaa uchungu wa kweli, au uchungu ulioigizwa vizuri. Tusekile alichukia kwamba hakuweza kutofautisha. "Kama una shida na ushindi wetu, kawaulize wakubwa wako. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeniambia niwavute hadi kwenye dhoruba, kwamba wale hawaiwezi. Nikawavuta. Kosa langu ni lipi?"

"Mwalimu yupi?"

"Kwani tunao wangapi? Mzee Anyosisye."

*

Mzee Anyosisye Kasebele hakuwa wa Lwangu wala wa Msanja. Baraza lilimleta kutoka mbali ili aongoze ukumbi, kwa sababu hakuwa na shamba wala kaburi bondeni. Kila alichokijua Tusekile kuhusu prosesa, alikijua kutoka kwake.

Tusekile alimkuta ofisini kwake. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Mlinzi anasema umebeba mashine mbili. Vumbi limekuwa jingi hivyo?"

"Si vumbi. Amri pana upande wa Msanja inakatwakatwa, na kumbukumbu ya ndani inafungwa."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, taratibu, kama mtu asiye na pa kwenda. "Uligundua vipi?"

"Zilikuwa baridi."

Akatabasamu kidogo, na tabasamu hilo ndilo lililomvunja Tusekile moyo, kwa kuwa lilikuwa la mwalimu anayejivunia mwanafunzi.

"Ni mimi," alisema. "Keti."

Tusekile hakuketi.

"Mwaka wa kwanza walicheza kweli, Lwangu wakashinda. Mwaka wa pili Lwangu walielekea kushinda tena. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango ule pale, nikawasikia vijana wa Msanja wakiambiana bunduki zimefukiwa wapi. Kabla ya duru ya mwisho nikafanya nilichofanya. Msanja wakashinda, bunduki zikabaki ardhini. Mwaka uliofuata nikawapa Lwangu. Tangu hapo ni zamu kwa zamu. Hujawahi kujiuliza kwa nini hakuna upande uliowahi kukata tamaa?"

"Mwaka jana walishinda Lwangu. Kwa zamu yako, mwaka huu ni Msanja."

"Mwaka huu kuna watu wa Lwangu wamesema wakishindwa watalilipua lango. Wana baruti za machimbo. Nimeziona."

"Kwa hiyo anayetishia ndiye anayepewa maji."

"Anayetishia ndiye anayezuiwa asiue."

"Na Msanja wakigundua kwamba kutisha kuna faida?"

"Watagunduaje?" Akamtazama kwa macho yasiyo na miwani, madogo na mekundu. "Mama yako analima upande gani, Tusekile?"

"Unajua."

"Basi vitunguu vyake vitapata maji." Akafungua droo, akatoa kifaa kidogo cha chuma, ufunguo wa kuingilia maelekezo ya prosesa, akakisukuma juu ya meza. "Sitakuzuia. Ukitaka, kaifute kasoro, waache kesho wacheze kweli, na litakalotokea ulibebe wewe. Lakini usiseme. Watu wakijua kwamba hata mara moja tu kulikuwa na mkono humu ndani, hawataketi tena kwenye vile viti. Watarudi walikotoka."

Tusekile alichukua ufunguo, akatoka.

Jioni hiyo alimsaidia mama yake kufungulia maji ya akiba yaliyobaki kwenye tangi, yaende kwenye matuta. Hakumweleza kitu. Mama, akiwa ameinama na jembe, ndiye aliyeanza kusema, kuhusu mwanamke wa Msanja aliyekuja mwaka jana sokoni kununua vitunguu. "Akaniambia vyake vimekaukia ardhini vikiwa vidogo kama gololi. Nikamwambia pole sana, mama. Na moyoni nikashukuru kwamba si mimi." Akanyooka, akajishika kiuno. "Nilimwongezea viwili. Nilidhani nitajisikia vizuri."

Tusekile alitazama maji yakipita miguuni mwake. Alikuwa na ufunguo mfukoni. Angeweza kuifuta kasoro na kunyamaza, na bonde zima likalala bila kujua. Lakini hata hapo ungekuwa ni mkono mmoja tena gizani, safari hii wake, na watu wangetakiwa kuuamini bila kujua kama upo.

*

Kanuni za Mchuano ziliruhusu upande uliolalamika kubadilishana meza na mwenzake. Hakuna aliyewahi kuitumia ruhusa hiyo, kwa kuwa kulalamika kulionekana ni kulia.

Ukumbi ulipojaa, Tusekile alisimama mbele. "Msanja walilalamika kuhusu picha," alisema. "Duru hii mtabadilishana pande."

Minong'ono ikapita. Yeye hakutazama umati, alitazama nyuso. Ambokile aliinua mabega, akachukua chupa yake ya maji na kuhamia upande wa pili bila wasiwasi wowote, akiwatania wenzake, na Tusekile akasikia deni la kuomba radhi likimkaa kifuani. Wazee wa Lwangu waliguna tu. Mtu mmoja pekee alisimama.

"Si lazima," alisema Mzee Anyosisye. "Mashine zimekaguliwa."

"Basi hakuna ubaya wakibadilishana, Mwalimu."

Walitazamana. Mzee alijua sasa kwamba Tusekile hakuifuta kasoro. Akakaa polepole.

Mwanzo duru ilikwenda vizuri. Mwewe wa Lwangu walipaa juu zaidi, wepesi, na mashabiki wao wakashangilia. Kisha upepo ukavuma kwenye skrini kubwa, wingu likashuka, matone yakaanza. Mwewe wa Ambokile alisimama hewani. Akatokea mbele. Akasimama tena. Kijana aliyekuwa kando yake alipaza sauti, akapigapiga usukani kwa kiganja.

"Simamisheni!" Ambokile alivua vipokea sauti masikioni. "Picha inakatika! Simamisheni hii kitu!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Msanja walikuwa juu yao tayari, wote watano, nafasi ambayo mchezaji huiota. Subilaga alikuwa na kidole kwenye kitufe. Mapigo machache tu, na duru ilikuwa yake.

Akaondoa mikono, akaiweka mapajani. Wenzake wakamgeukia kwa mshangao. Akawatikisia kichwa, na mmoja baada ya mwingine nao wakaondoa mikono. Mwewe kumi wakaelea kwenye mvua bila mtu wa kuwaongoza.

"Ndivyo nilivyoona jana," Subilaga alimwambia Ambokile, bila kupaza sauti. "Sasa nataka kujua kwa nini."

Tusekile akawaeleza. Aliunganisha mashine mbili na skrini kubwa, akaendesha jaribio mbele ya wote, akaonyesha ile iliyoshika namba kumi na sita na ile iliyoshika mojamoja. Hakulitaja jina la mtu. Hakuhitaji, maana Mzee Anyosisye alisimama mwenyewe, akasema yote, tangu mwaka wa pili, zamu kwa zamu, kwa sauti ile ya darasani isiyojitetea.

Kiti kilirushwa. Mtu wa Msanja alimkamata wa Lwangu shati, wa Lwangu akampiga. Tusekile alisukumwa hadi ukutani na akaona, kwa hofu, kwamba huenda mzee alikuwa amesema kweli kuhusu yatakayofuata. Kisha Ambokile akapanda juu ya meza.

"Huyu alikuwa ameshanishinda!" alipiga kelele, akimnyooshea kidole Subilaga. "Mmemwona wote! Ameacha! Kama ni kupigana, mnapigania ushindi upi?"

Halikuwa neno kubwa, lakini liliwafanya waliokuwa karibu wageuke, na waliokuwa mbali wakauliza amesema nini, na katika kuulizana huko mikono ikashuka.

Siku hiyohiyo manahodha wawili walikwenda langoni pamoja, na wazee nyuma yao hawakuthubutu kuwazuia. Mifereji yote miwili ilifunguliwa sawasawa, hadi mashine zitakapokaguliwa upya. Kila upande ulisema maji hayatoshi.

Mzee Anyosisye aliondoka kwa gari la Baraza. Wapo waliolipiga mawe. Mwanamke mmoja wa Msanja, aliyepoteza wana wawili vitani na kubaki na mmoja, alisimama kando ya barabara akilia kwa sauti, na alipoulizwa analilia nini, alisema anamlilia yule mzee. Baruti za Lwangu hazikuonekana. Wazee walisema hazijawahi kuwepo. Tusekile hakuwaamini, wala hakuweza kuwakanusha. Alijua tu kwamba Mwalimu alisema ameziona, na Mwalimu alikuwa amesema mengi.

Mama yake alipunguza matuta ya vitunguu. Alimpikia Tusekile kama kawaida, lakini majirani walipopita hawakubisha hodi.

*

Subilaga alikuja karakana shule ilipofungwa kwa likizo, mkoba begani, chaki bado kwenye vidole. Mashine zote zilikuwa zimefunguliwa juu ya meza.

"Nimeifuta kwenye zote," Tusekile alisema. "Tazama." Akaendesha jaribio. Mashine zikamaliza dhoruba kwa wakati mmoja, zote za moto, feni zikivuma pamoja.

Subilaga alitazama hadi mwisho. "Hili jaribio kaliandika nani?"

"Mimi."

"Na aliyelikagua?"

Tusekile akaondoa mkono kwenye kibodi.

"Sikutukani, dada," Subilaga alisema. "Lakini wewe ni wa Lwangu. Na yule mzee hakuwa wa kwetu wala wa kwenu, tukamwamini kwa sababu hiyo."

Nje, mfereji mkubwa ulikuwa na maji nusu, ukipita bila kelele. Tusekile alihisi uchovu, na nyuma ya uchovu, kitu kilichofanana na ahueni. Akavuta kigoda kutoka chini ya meza, akakipangusa.

"Keti hapa. Tunaanza na mstari wa kwanza. Usipoelewa, usiniamini. Niulize."

Subilaga akatua mkoba sakafuni, akaketi, akainamia skrini. "Huu unafanya nini?"

"Unaiuliza prosesa kama inaijua amri pana."

"Ikidanganya?"

"Ndiyo maana mstari wa pili unaipa kazi, na wa tatu unapima muda."

"Saa inayopima ni ya nani?"

"Ni ya mashine yenyewe," Tusekile alijibu, na alipokuwa bado anasema akaisikia kasoro ya jibu lake.

Subilaga akafungua mkoba, akatoa saa yake ya mkononi, ile ya kusimamia mitihani, akaiweka mezani kati yao.

"Rudia," alisema.